Kwantamu yao, udongo wetu

Wandugu wa Butembo na Beni, kuna mbio kubwa duniani, na sisi tumo ndani bila kuulizwa.

Marekani na China zinashindana kutengeneza kompyuta ya kwantamu. China ilirusha satelaiti yake Micius mwaka 2016. Marekani ikapitisha sheria yake ya kwantamu mwaka 2018. Wanakimbia hivyo juu ya nini? Mashine hiyo ikikomaa, itaweza kufungua siri za mabenki na majeshi ambazo leo zinafungwa kwa hesabu. Atakayefika wa kwanza atasoma barua za wengine.

Sasa tuangalie mashine yenyewe. Nyingi zinatumia metali kama niobi, iliyopoozwa karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri. Mwaka 2021 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba tantali inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Tantali inatoka katika koltani. Na koltani iko Rubaya, Masisi, jimbo letu hili hili. Niobi nayo iko Lueshe, Rutshuru.

Tusidanganyane: chipu ya kwantamu haimalizi hata kijiko cha tantali. Koltani nyingi inaenda kwenye simu, magari na silaha. Lakini wakubwa wakishindana, hakuna anayetaka kumtegemea mwenzake. Njo maana madini yetu yanaitwa "ya kimkakati". Rubaya iliangukia mikononi mwa M23 mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo linavuna huko dola kama 800,000 kila mwezi. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zikasaini mapatano Washington, amani na madini vikakaa kwenye meza moja.

Hapo njo tuna swali. Eneo la Beni watu wanachinjwa tangu Oktoba 2014. Huku tuna kakao, kahawa na mbao, Rubaya hatuna. Kama amani inapimwa kwa kilo za madini, sisi tutapimwa kwa nini?

Sinema hii si mpya. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilitoa sehemu kubwa ya bomu la Hiroshima mwaka 1945. Nguvu ilienda ng'ambo, mashimo yakabaki kwetu.

Sisi wenye diplomu na bila kazi, tunaohesabu mega za kusoma usiku, hatuombi huruma. Tunadai mambo matatu:

Kwanza, kila mkataba wa madini usomwe kwa raia, kwa Kiswahili, kabla wabunge hawajaupigia kura.

Pili, sehemu ya faida iandikwe ndani ya mkataba kwa ajili ya maabara na umeme wa vyuo vya Kivu.

Tatu, usalama wa Beni usingojee koltani ipatikane Beni.

Wabunge wetu, mtarudi huku kuomba kura. Tutaanza na swali hili.