Tusiwatishe Vijana kwa Tusiyoyajua

Likizo iliyopita, kwenye semina ya vijana kigangoni Misungwi, nilisema bangi inaleta saratani ya mapafu. Kijana wa bodaboda akauliza, "Frateli, nani amethibitisha?" Sikuwa na jibu. Wenzake wakacheka, na yote niliyosema baada ya hapo hayakusikilizwa.

Nimesoma tangu siku ile. Mwaka 2017 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti nyingi. Uhusiano kati ya kuvuta bangi na saratani ya mapafu haukuonekana. Zilikuta ushahidi, tena hafifu, wa uhusiano na aina moja ya saratani ya korodani. Kuchunguza jambo hili ni kazi ngumu: wavutaji wengi huvuta na sigara, na sheria inapokataza, kama hapa kwetu, nani atamhesabia mtafiti misokoto yake?

Basi nilikosea. Ila kijana naye asishangilie mapema. Darasani tunajifunza kwamba kutoonekana kwa kitu si uthibitisho kwamba hakipo, na moshi wa bangi unazo baadhi ya kemikali zilezile za moshi wa tumbaku zinazoleta saratani. Ripoti hiyohiyo ilikuta ushahidi mzito zaidi kuhusu magonjwa ya akili, hasa kwa wanaovuta mara nyingi. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia. Katekisimu yenyewe inakataza dawa za kulevya, isipokuwa kwa tiba, bila kungoja saratani.

Paroko akiniruhusu, nitarudi kwa vijana wale, nianze kwa kukiri kosa langu.