Msamaria Aliacha Dinari Mbili



Katika ibada zetu za Kiswahili hapa Uingereza limeingia neno jipya: mipaka. Tunahubiriwa kwamba Mkristo ajiwekee mipaka, asikubali kuchoshwa na watu. Neno lenyewe halina ubaya. Lifti huandikwa uzito wake ili ibebe watu salama. Lakini sisi tunalitumia ili tusibebe kabisa. Kuhani na Mlawi nao, tukisema kweli, walikuwa na mipaka mizuri sana, walipita kando.

Majira ya baridi yaliyopita kijana mmoja wa kwetu alilala sebuleni kwa mwenzetu wiki tatu, kisha jioni moja akaambiwa atafute pengine usiku ule ule. Akahamia sebule nyingine, na nyingine tena. Mwisho akawa analala ndani ya gari lake, na Jumapili anakuja kanisani amefunga tai. Sote tulimsalimu. Hakuna aliyemuuliza analala wapi, maana kuuliza ni kujitwisha. Habari zilipovuja, mzee wetu mmoja akasema wasio na makazi ni wale walevi wa stesheni, huyu ana kazi. Huo ni ujinga, na tuuite kwa jina lake. Hata anayelala kwenye kochi la rafiki, kama hana haki ya kukaa pale, sheria inaweza kumhesabu kuwa hana makazi.

Tena kwa England iko sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Aprili 2018: aliye katika hatari ya kukosa makazi ndani ya siku 56, halmashauri inapaswa kumsaidia. Siku 56 ni wiki nane. Na mara nyingi halmashauri huomba barua ya aliyempa hifadhi, ikitaja tarehe ambayo mgeni anatakiwa kuondoka. Barua hiyo ndiyo tunayoiona aibu! Tunasema ni kumfukuza ndugu. Basi tunanuna, tunabamiza makabati ya jikoni, mpaka siku tunalipuka. Na hasira ile ndiyo tunaiita mipaka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee walisema jembe, hawakusema mlango. Hapa ughaibuni jembe ni barua ile, iandikwe mapema, na kukaa naye kwenye foleni ya halmashauri. Wapo ambao viza zao zinawanyima misaada ya serikali. Hao kwa kawaida halmashauri haiwapi nyumba, ingawa ushauri wa bure wanastahili. Lakini familia nane zikigawana kodi ya chumba kimoja, ipi itakayovunjika?

Soma Luka 10 tena, taratibu. Msamaria hakumpeleka majeruhi nyumbani kwake, wala hakuacha safari yake. Alilipa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Mpaka ule ulikuwa na fedha ndani yake, na ahadi ya kurudi.

Kijana wetu sasa ana chumba. Aliyempeleka halmashauri ni mwenzake wa kazini, Mwislamu wa Tanga. Sisi mwaka huu tumechangia zulia jipya la madhabahu, na mfuko wa wenye shida, uliotangazwa mara tatu, hauna hata senti.