Tuliiga mabasi ya Bogotá, tukaiacha Jumapili yake

Kila Jumapili na kila sikukuu, saa 1 asubuhi, vizuizi huwekwa kwenye barabara kuu za Bogotá, mji mkuu wa Colombia, na magari huambiwa yatafute njia nyingine. Mpaka saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120 za lami huwa mali ya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli, vikongwe wanaonyoosha viungo na watoto wenye viatu vya magurudumu. Utaratibu huo unaitwa Ciclovía. Ulianza Desemba 1974, na tangu hapo mji umetawaliwa na mameya wa mrengo wa kulia na wa kushoto, wenye mipango ya kila namna, lakini Ciclovía imebaki. Nadai kwamba kwa kundi la marafiki lenye siku moja tu ya kuutembea mji ule, kivutio kikubwa ni barabara hizo zilizofungwa, kabla ya jumba lolote la makumbusho na kabla ya kilele chochote cha mlima.

Tuipime siku yenyewe. Marafiki wanne wakishika Carrera Séptima asubuhi kuelekea kusini, upande wao wa kushoto mlima unawafuata njia nzima, kwa hiyo hata asiyejua Kihispania hapotei. Wanakwenda polepole, maana mji uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na pumzi ya mtu wa pwani hugoma mapema. Njiani kuna wauza juisi ya machungwa, mafundi wa kuziba pancha, na katika baadhi ya bustani walimu wa mazoezi wanaolipwa na mji, wakiongoza umati kwa muziki bila kumdai mtu senti. Katikati ya mji lipo Museo del Oro, jumba la dhahabu la benki kuu ya nchi, ambalo Jumapili halina kiingilio. Kati ya maelfu ya vipande vilivyomo, kinachokusanya watu ni chelezo kidogo cha dhahabu kisichofikia sentimita 20, kazi ya mafundi wa Wamuisca, kikimwonyesha chifu wao amezungukwa na watu wake juu ya maji. Ndicho kinachohusishwa na ile hadithi ya El Dorado iliyowapeleka Wahispania mbio misituni kutafuta utajiri. Mitaa michache mbele kuna jumba la Fernando Botero, mchoraji wa watu wanene, aliyeutolea umma kazi 208, zake 123 na nyingine za wasanii kama Picasso na Monet. Hapo kuingia ni bure siku yoyote linapokuwa wazi. Kisha uwanja wa Plaza de Bolívar wenye njiwa wengi kupita kiasi, pembeni yake Jumba la Mahakama lililojengwa upya baada ya lile la awali kuteketea mwaka 1985, waasi wa M-19 walipoliteka na jeshi likaingia na vifaru. Mwisho ni bakuli la ajiaco, mchuzi mzito wa kuku, viazi vya aina tatu na hindi bichi la kuchemsha, ambalo baada ya mwendo ule huliwa kimyakimya.

Hesabu ya siku hiyo ni chakula, maji na labda kukodi baiskeli. Naitaja kwa sababu safari za marafiki huvunjikia kwenye pesa. Katika kila kundi yupo mmoja ambaye mfuko wake ni mwepesi, na mara nyingi ndiye asiyesema. Gari la kukodi lina bei moja, kiongozi wa watalii ana bei moja, na yule mwenzetu ataamua ama kukopa ama kusingizia kuumwa kichwa abaki hotelini. Tena ndani ya gari kila mtu hutazama dirisha lake. Barabarani, kwa mwendo wa miguu, mazungumzo yanabadilisha watu, wawili wanatangulia, wawili wanabaki nyuma wakicheka jambo lao, wanakutana tena kwa muuza matunda. Mji ukitoa barabara zake bure, unakuwa umewalipia marafiki hao kitu ambacho hakuna wakala wa utalii anayekiuza.

Na hapa pana jambo ambalo wapangaji wa utalii hupenda kuliruka. Ciclovía haikuanzishwa kwa ajili ya mgeni. Ilikuwa ya wenyeji, na bado ni yao. Vijana wa mitaa maskini ya kusini hupanda baiskeli hadi mitaa ya wenye nacho kaskazini, njia ambayo siku za kazi huwachukua muda mrefu ndani ya basi lililoshonana. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bogotá ilianza na mwenyeji kupona, mgeni akaja kufaidi mabaki.

Wapo watakaosema napamba mji hatari. Ni kweli Bogotá ina wezi, na wenyeji wana msemo wao, usitoe papai, yaani usimrahisishie mwizi kazi kwa kutembea na simu mkononi. Sipendekezi mtu azurure mtaa wa La Candelaria usiku wa manane akihesabu noti. Lakini pingamizi hilo linaitetea hoja yangu. Barabara yenye familia kwa maelfu, askari na wasimamizi wa Ciclovía ina macho mengi kuliko kichochoro kitupu nje ya hoteli. Wengine watasema vya bure havileti fedha za kigeni. Fedha hizo ziko kwenye vitanda na sahani, na mgeni hulala usiku wa ziada pale alipopata cha kufanya.

Pingamizi zito ni la nyumbani: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu Dar es Salaam tayari ni mwanafunzi wa Bogotá. Mwendokasi, ulioanza kubeba abiria 2016, umeiga TransMilenio ya Bogotá, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2000: njia ya peke yake katikati ya barabara, vituo vilivyoinuliwa, nauli kabla ya kupanda. Tumeiga hata msongamano wake. Kilichoachwa ni Jumapili, labda kwa kuwa haina mkandarasi. Tunaambiwa joto letu si la kule, ambako wastani ni kama nyuzi 14. Sawa, basi tuanze alfajiri na tumalize mapema. Kigali imefanya hivyo. Tangu 2016 ina asubuhi zake za Jumapili bila magari, saa chache tu, juu ya vilima vinavyomtoa jasho hata aliyezaliwa juu yake.

Wala hatuhitaji kilomita 120. Dar es Salaam, kutoka soko la samaki la Feri hadi kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Joseph ni mwendo mfupi, bandari ikiwa kushoto. Ukikata juu kidogo unafika Mtaa wa Shaaban Robert, kwenye Makumbusho ya Taifa na bustani ya mimea iliyo jirani yake. Hiyo ni asubuhi nzima ya marafiki, na leo anayetaka kuitembea huikabili akikwepa pikipiki. Najua swali litakaloulizwa kwanza: makanisa hayo mawili yana ibada Jumapili, waumini wataegesha wapi? Njia ya mwendokasi imepita hapohapo pwani, na kituo cha mwisho kiko Kivukoni. Basi liachwe lipite kama kawaida, magari mengine yasubiri mpaka saa 4.