Mbono Kisarawe: Maabara ingeulizwa kabla ya shamba

Mwaka 2011 mradi wa mbono kaburi wa kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ulisimama wilayani Kisarawe. Ulikuwa umechukua zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, kwa mkataba wa miaka 99. Vibarua walirudi makwao, ardhi haikurudi. Hilo linatosha kumzindua mkulima wa Kibuta kila anaposikia kuna mwekezaji mwingine anakuja na zao jipya.

Mengi yaliyosemwa wakati ule yalihusu fidia na ajira. Swali la kiwandani ndilo lililohitaji kutangulia: mafuta hayo yatageuzwaje kuwa dizeli, na kwa gharama gani?

Mafuta ya mbono huchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, ikapatikana dizeli na gliserini. Kichocheo kilichozoeleka ni kostiki soda. Hiyo huyeyuka humo humo, ikishatumika haipatikani tena, na dizeli hulazimika kuoshwa kwa maji mengi. Ndiyo maana watafiti wamegeukia oksidi za metali, hasa oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa hai, ile inayotoka tanurini kabla ya kumwagiwa maji. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa inavyochomwa. Sehemu kubwa yake hubaki unga, hivyo huweza kuchujwa na kutumika tena.

Ila chokaa hai huvuta unyevu na hewa ya ukaa, ikachoka. Kwa macho ni unga ule ule mweupe. Hapo ndipo mwanga wa infraredi unapohitajika. Kila kiungo cha kikemia hunyonya sehemu yake ya mwanga huo, hivyo kipimo huonyesha kabonati ikianza kufunika uso wa chokaa, na dizeli ikiongezeka, huku mtambo ukiendelea kufanya kazi. Kuchota sampuli na kuipima baadaye hakutoi picha hiyo, kwani chokaa ikishakutana na hewa njiani imekwisha badilika.

Kwa mkulima, habari hii ni ya bei. Mbegu zilizolowa au kukaa mno ghalani hutoa mafuta yenye asidi nyingi. Asidi ikizidi asilimia 2 hivi, huungana na kichocheo ikawa sabuni, na dizeli hupungua. Hasara hiyo mwenye kiwanda ataihamishia wapi, kama si kwenye bei ya kilo ya mbegu?

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji huhamishiwa kwanza kwenye ardhi ya jumla ndipo apewe mwekezaji wa nje. Mradi ukifa, hairudi yenyewe kijijini. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji udai vipimo kabla ya kuridhia: mbegu za eneo hilo zina mafuta na asidi kiasi gani, kichocheo gani kitatumika, na kitarudiwa mara ngapi kabla ya kutupwa.

Asiye na majibu apewe ekari chache za majaribio, tena kwa kukodi. Akitaka mbegu zaidi, azinunue kwa wakulima. Mbono umepandwa kama uzio tangu zamani, na haukuhitaji hekta 8,000.