Ukumbi umependeza, lakini bibi atapitaje?

Jumamosi ile ilikuwa sendoff ya dada yangu. Kamati ilichagua hoteli moja ya ufukweni, si mbali na hapa kwetu Mikocheni, kwa sababu ukumbi wake wa mapokezi ulikuwa umetoka kukarabatiwa. Picha zake zilizunguka wiki nzima kwenye grupu la familia. Mtindo ulikuwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar: mlango mkubwa wa kuchongwa wenye misumari ya shaba, taa za kandili, mitungi ya maua na chemchemi ndogo katikati.

Bibi yetu alitoka Pangani siku moja kabla. Saa tisa alasiri, jua likiwa kali, alishuka kwenye gari akiwa na kanga mpya na furaha tele. Hatua ya kwanza ndani ya ukumbi alijikwaa kwenye kizingiti, akatanguliza mkono. Mfupa wa karibu na kiganja ukavunjika. Dada aliagwa bila bibi yake. Mimi nilikuwa naye hospitali nikiwa na sare yangu ya kitenge, nikimshikia mkoba wakati anafungwa P.O.P.

Msomaji wangu, wengi walisema ni bahati mbaya, wengine wakasema ni uzee. Mimi nimekuwa nikiandika habari za afya kwa miaka kadhaa sasa, na naona sababu zilikuwa wazi. Jicho la mtu mzima huchukua muda mrefu zaidi kuzoea giza anapotoka juani, na kandili zile zilikuwa za urembo kuliko mwanga. Kizingiti kilikuwa na rangi ileile ya sakafu. Pembeni hapakuwa na kitu cha kushika, na marumaru zilikuwa zinateleza. Ongeza kwamba mifupa ya wanawake wengi hupungua uimara baada ya kukoma hedhi, ndiyo maana anguko ambalo kijana angelicheka, kwa bibi huwa ni kuvunjika kiganja au nyonga.

Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wazee.

Wiki iliyofuata nilirudi kuonana na meneja. Alinipokea vizuri, akampa bibi pole, kisha akaeleza kuwa mbunifu alitaka mgeni ahisi ameingia nyumba ya kale ya Waswahili. Nilipomsimulia bibi, alicheka mpaka akashika ule mkono wenye P.O.P.

“Mjukuu wangu,” alisema, “nyumba ya baba yangu ilikuwa na kizingiti kweli. Lakini ilikuwa na baraza. Mgeni alikalishwa kwanza, akapewa maji, akapumua. Hao wamechukua kizingiti, baraza wameiacha.”

Nimelifikiria sana neno hilo. Baraza, yale makalio ya mawe pande mbili za mlango, ndiyo yaliyokuwa mapokezi yetu. Mtu alipumzika, macho yakatulia, mwenyeji akamwona alivyo kabla hajamwambia apite. Ukumbi ule mpya una makochi ya chini sana ambayo mwenye magoti mabovu akikaa, kuinuka ni kazi ya watu wawili. Kiti chenye urefu wa sentimita 45 hivi na mikono ya kuegemea kingemfaa zaidi.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike na watu wote. Hesabu ya njia ya mteremko si ngumu: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, weka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia ya sentimita 180 tu. Mlango wa kuchongwa ungebaki na uzuri wake wote.

Jambo jingine ni ile mitungi na chemchemi. Sisi wa Dar es Salaam tulipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama, yakiwemo ya kwenye sahani za vyungu vya maua. Maji ya urembo yasiyosafishwa kila wiki ni makazi ya mbu.

Basi, kamati ya sherehe ikienda kukagua hoteli, isiishie kuuliza bei ya sahani na idadi ya viti. Mpelekeni mzee mmoja, au nendeni na macho yake. Hesabuni ngazi kutoka maegesho hadi ukumbini na hadi chooni. Tazameni kama kuna pa kushika. Ingieni saa ileile ambayo wageni wataingia, muone mwanga ukoje. Kisha geukeni mtazame sebuleni kwenu: zulia lililokunjika na waya wa televisheni havina tofauti na kile kizingiti.

Hoteli ile imechukua hatua. Imemweka mlinzi mlangoni, kila mzee akifika anaambiwa, “Mama, angalia chini.” Kizingiti bado kipo. P.O.P. ya bibi itatolewa baada ya wiki mbili, na ndoa ya dada ni mwezi ujao. Safari hii ukumbi atauchagua bibi mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo.