Mgeni wa Meli Ashuka na Simu, Kijana wa Mombasa Aambiwa Lete Cheti cha Babu



Msimu wa meli za watalii ukianza hapa Mombasa mambo huwa ni yale yale. Meli yafunga gati Kilindini, wacheza ngoma washapangwa tangu asubuhi, wakubwa wavalishwa mashada, kamera zote ziko pale. Jioni kwenye taarifa ya habari twaambiwa uchumi wa Pwani umefunguka. Meli kama Norwegian Dawn, ambayo imeshafika hapa kwetu, hubeba abiria zaidi ya 2,000. Washuka, waenda Fort Jesus, wazunguka Mji wa Kale, wengine wapanda magari hadi Tsavo, kisha meli yang'oa nanga yaenda zake.

Sina ugomvi na wageni, na naomba hili lieleweke mapema kabla hamjanirushia mawe. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nauliza tu: huyu mwenyeji amepona wapi?

Tuangalie karatasi, manake maneno ya jukwaani kila mtu anayajua.

Mgeni anayetaka kushuka Mombasa afanya nini? Tangu Januari 2024 Kenya ilifuta viza kwa dunia nzima ikaweka idhini ya kielektroniki, ile eTA. Mgeni akaa kwenye kochi lake Hamburg au Sydney, apiga picha pasipoti yake, ahakikisha ina miezi sita mbele, aweka picha ya uso na ratiba ya meli, alipa dola 30 na makato yake, angoja siku chache. Basi. Meli nayo hutuma orodha ya abiria kabla haijafika, kwa hivyo maafisa washajua nani yuaja. Hakuna anayemuuliza babu yake alizaliwa kijiji gani. Hakuna anayemwambia alete mzee wa mtaa aje kuapa kwamba amjua. Serikali ikitaka kurahisisha jambo, inaweza. Likumbuke hilo.

Sasa twende Kisauni. Kuna kijana namjua, miaka 23, amesomea upishi, ataka kazi ya jikoni kwenye meli hizo hizo. Bila pasipoti hakuna meli, na bila kitambulisho hakuna pasipoti. Kitambulisho peke yake kilimla miaka miwili. Alikwenda na cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha mama, cha baba, vyeti vya shule. Akaambiwa havitoshi, alete vya babu. Babu alishakufa kabla yeye hajazaliwa. Wakapekua masanduku nyumbani mpaka wakapata kipande cha zamani kimelika pembeni, akaambiwa hakisomeki, arudi siku ya kamati. Siku ya kamati akaulizwa nyumbani mwasema lugha gani, na mbona majina yako yote matatu ni ya Kiislamu. Mwenzake waliyekaa dawati moja, jina lake la aina nyingine, alichukua chake kwa wiki chache na wala hakujua kwamba kuna kamati.

Alipopata kitambulisho akadhani ameshavuka. Dirisha la pasipoti likaanza upya: lete vya babu.

Watu wa Garissa, Wajir na Mandera wakisoma hapa watacheka, manake kwao hadithi hii ni ya kila nyumba. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini pale Wajir tamko la kumaliza kupigwa msasa kwa watu wa kaunti za mpakani. Tulipiga makofi, na tulifanya vizuri kupiga makofi. Lakini tamko si dirisha. Karani aliyezoea kuuliza "babu yako nani" kwa miaka ishirini haachi kwa sababu ya hotuba aliyoiona kwenye simu.

Najua watakalosema: usalama. Haya, tuongee usalama. Asubuhi moja watu 2,000 kutoka nchi kadha wa kadha washuka gatini, na serikali yaweza kuwakagua wote kwa kompyuta na orodha kabla ya saa nne. Kijana wa Kisauni cheti chake cha kuzaliwa amepewa na serikali. Kitambulisho cha mama yake kimetolewa na serikali. Mtihani wake wa kidato cha nne umesahihishwa na serikali. Halafu serikali hiyo hiyo yamwambia athibitishe kwamba serikali haikukosea. Huo ni usalama wa nani?

Na kuna jambo moja la Marekani ambalo nilipolijua lilinikera sana. Raia wa Marekani akipanda meli ya matembezi inayotoka bandari yao, tuseme Miami, ikazunguka visiwa vya Karibi na kurudi bandari ile ile, haihitaji kuwa na pasipoti ndio arudi kwao. Sheria yao ya tangu 2009 yamruhusu kuonyesha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mtoto wa chini ya miaka 16, cheti cha kuzaliwa tu. Bila shaka kisiwa anachokwenda chaweza kuwa na masharti yake, na kampuni ya meli yaweza kudai zaidi, lakini mlango wa nyumbani kwake wafunguka kwa cheti cha kuzaliwa. Kwetu sisi cheti hicho hicho hakifungui hata droo ya karani.

Haya, tuseme mmoja wenu amejaliwa, ana pesa, ana pasipoti, ataka kusafiri kama abiria. Hapo ndipo utajua meli moja ina nchi ngapi ndani yake. Watu wengi hudhani ukikata tiketi ya meli umekata ruhusa ya bandari zote. La. Kila bandari ni mpaka, na kampuni ikikukuta huna karatasi ya bandari moja tu yaweza kukuacha gatini mwanzo wa safari, na pesa zako husikii harufu yake.

Chukua Bahari ya Hindi yetu hii. Zanzibar waingia bila viza, lakini si kwa kitambulisho kama waendavyo watu Uganda; ni pasipoti ama kile kibali cha muda, na kadi ya manjano ya chanjo uwe nayo. Shelisheli hawaitishi viza, waitisha idhini ya kuingia ya kujaza mapema. Mauritius, hakuna viza. Halafu meli yakata kona yaingia Réunion, na hapo umeingia Ufaransa. Watu hupata viza ya Schengen wakafurahi, hawajui kwamba Réunion, sawa na Mayotte, haimo ndani ya Schengen ingawa bendera ni ya Ufaransa. Viza yake ni nyingine. Kisiwa kiko bahari yetu, karibu na sisi kuliko Paris, na ruhusa yatoka Paris.

Ukienda Mediterania, yaani Barcelona, Marseille, Genoa, yatosha Schengen, ada yake euro 90 tangu Juni 2024, nao wakikukataa hawarudishi. Lakini meli ikipitia Tunis halafu ikarudi Ulaya, umetoka na unaingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja imeshakufa ukiwa baharini. Ni lazima uombe ya kuingia mara nyingi, na uiombe tangu mwanzo. Ya Marekani ni dola 185, zaenda hivyo hivyo ukikataliwa.

Mtu ataniambia kila nchi ina haki ya kuweka masharti yake. Sawa kabisa. Lakini sisi tulipofungua mlango kwa dunia nzima mwaka 2024, tulimwomba nani chochote kwa niaba ya kijana wetu? Kuomba kwawezekana. Afrika Kusini walikuwa wakituzungusha kwa viza miaka na miaka. Serikali mbili zikakaa zikaongea, na tangu Januari 2023 Mkenya aingia siku 90 kwa mwaka bila viza. Kwa hivyo leo mtu wa Mombasa aweza kwenda kupanda meli Durban au Cape Town bila kupiga magoti ubalozini. Hilo lilipatikana mezani. Wakubwa wakija gatini kuvishwa maua, waulizwe meza inayofuata ni ya nani.

Tuache abiria sasa. Wengi wenu mnaosoma hapa hamtafuti likizo, mwatafuta kazi, na hapa ndipo vijana wetu wachinjwa mchana kweupe.

Meli za watalii zahitaji wapishi, wahudumu, watu wa kusafisha vyumba, mafundi. Ikiwa meli yafika Marekani, kila mfanyakazi lazima awe na viza ya wafanyakazi wa meli, ile C1/D. Ajenti wa mtaani ajua hujui. Akwambia kazi iko, leta pesa ya viza. Laki moja. Laki mbili. Mama auza mkufu, mjomba akopa chamani, nyumba yawekwa rehani. Miezi sita baadaye ajenti amebadilisha laini, ofisi imekuwa duka la pazia.

Sasa nisikilizeni vizuri, na mkishamaliza kusoma mwambieni mwenzenu. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mbele ya mkataba huo mpishi wa meli na anayetandika vitanda melini ni mabaharia sawa na nahodha. Kiwango chake cha A1.4 chasema baharia hatozwi ada yoyote ya kutafutiwa au kupatiwa kazi. Vitu unavyoweza kulipia mwenyewe vimetajwa: cheti cha matibabu, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati ya kusafiria inayofanana nayo. Halafu yameongezwa maneno wazi kabisa kwamba gharama ya viza haimo humo. Viza hulipwa na mwenye meli.

Viza hulipwa na mwenye meli. Nimerudia makusudi.

Mafunzo ya usalama ya STCW ni habari nyingine, ukienda chuo utalipa karo kama karo zote. Lakini anayekwambia "toa laki ya viza" ama ni mwizi, ama amfanyia kazi mwizi. Maajenti wa mabaharia hupewa leseni na Kenya Maritime Authority. Mwambie akuonyeshe yake, kisha wewe mwenyewe ukaulize kama ni ya kweli. Akikasirika kuulizwa, umeshapata jibu lako. Na wenye mamlaka nao wasijifanye hawawajui hawa watu. Ofisi zao ziko barabara kuu, mabango yao ni makubwa kuliko ya msikiti.

Mwaona mnyororo ulivyo? Kijana acheleweshwa kitambulisho miaka miwili, pasipoti mwaka. Kila nafasi itangazwapo yeye hana karatasi. Ajenti aja na njia ya mkato, kwa sababu njia nyoofu imefungwa. Kisha tunaitwa vijana wavivu wa Pwani, wapenda mabaraza na mirungi. Kampuni za meli huajiri watu kwa maelfu kutoka Ufilipino, India na Indonesia, na pasipoti ndio kitu cha kwanza wanachotaka kuona. Sisi bandari tunayo, bahari tunayo, na bado tuko kwenye foleni ya cheti cha babu.

Sheria ya nyumbani iko upande wetu, wala haifichwi. Ibara ya 12 ya Katiba yasema kila raia ana haki ya pasipoti ya Kenya na hati yoyote ya utambulisho itolewayo na serikali. Haki, si fadhila ya karani. Na kunyimwa ni kwa mujibu wa sheria ya Bunge tu, sheria ambayo nayo lazima ipite kipimo cha Ibara ya 24. Ibara ya 39 yatoa haki ya kutoka nchini. Ibara ya 47 yasema ukifanyiwa uamuzi unaoumiza haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ikiombwa habari ina siku 21 za kujibu.

Kwa hivyo ukiambiwa "rudi wiki ijayo", usirudi mikono mitupu. Andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe uliyokwenda, ulichopeleka, ulichoambiwa, na uombe sababu kwa maandishi na kifungu cha sheria kinachotaka vyeti vya babu. Peleka nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikataa kuipiga muhuri, andika saa na dirisha, na uwe na shahidi. Mtu aliyesimama mbele ya dirisha akipiga kelele husahaulika saa hiyo hiyo. Barua yenye muhuri huenda mahakamani.

Yule kijana wa Kisauni ameshaandika yake. Jumanne ana miadi, mara ya nne hiyo. Nitakwenda naye, tutakuwa pale saa mbili asubuhi, na mwenye barua yake iliyopigwa muhuri aje nayo.