Walionusurika Hawaponi kwa Risala za Rambirambi

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo tumesoma risala nyingi na kuwasha mishumaa mingi. Walionusurika tumewaambia wajipe moyo. Mimi mhadhiri nasema pasi na kumung'unya maneno: kumwambia aliyejeruhiwa nafsi ajipe moyo ni kumtelekeza kwa lugha ya adabu.

Tiba ipo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, alianza kuibuni mwaka 1987. Mgonjwa huikumbuka sehemu ya tukio huku macho yake yakifuata mkono wa mtaalamu, kushoto na kulia, duru baada ya duru. Kumbukumbu haifutiki, ila makali yake hupungua. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto na watu wazima wenye maradhi ya kiwewe. Tena haimlazimu mgonjwa kusimulia kinaganaga yaliyomfika. Katika jamii ambamo aliyebakwa huona haya hata kutamka neno lenyewe, je, hilo ni jambo dogo?

Wapo wanaoibeza kuwa ni mazingaombwe. Wapo pia wataalamu wanaoshikilia kuwa macho hayaongezi kitu, na kwamba kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu katika mazingira salama. Huo ni mjadala halali wa kisayansi, na uendelee. Lakini tutanabahi: pande zote mbili zinakubaliana kwamba kumbukumbu hukabiliwa kwa msaada wa mtaalamu. Hakuna upande unaotetea dawa yetu sisi, yaani kimya.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila Mkenya haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haikusema afya ya mwili pekee. Basi serikali za kaunti ziajiri wataalamu wa kiwewe katika hospitali za umma, na vyuo vikuu viwafundishe washauri nasaha wake tiba zilizothibitishwa. Mwenye fedha atamtafuta mtaalamu wa kibinafsi. Mtoto wa mkulima atamwendea nani?

Mfupa ukivunjika hatumwambii mtu asahau mguu wake. Nafsi imekosa nini?